Kiko cha Mzee Nestori

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, katika kijiji kipya cha ujamaa karibu na Makere, Pelagia alipapasa kwanza chini ya kapu la maharage. Hapo alikuwa ameficha kiko cha baba yake. Kikohozi kilikuwa kimemtesa Mzee Nestori mwaka mzima, basi Jumapili moja akaamua kuacha tumbaku, akamkabidhi binti yake kiko hicho. "Kaa nacho wewe," alimwambia. "Hata nikikuomba kwa machozi, usinipe."

Siku tano zikapita. Usiku Nestori aligeukageuka kitandani, mchana akasinzia na jembe mkononi. Mama alinung'unika kwamba palizi inachelewa. Pelagia alihesabu siku, maana baba alikuwa ameahidi kuja shuleni siku ya wazazi kumsikiliza akiongoza ngonjera.

Alikuja kweli, akakaa mbele kabisa. Pelagia alipofika ubeti wa pili, ukasikika mkoromo wa baba yake. Watoto wakaangua kicheko. Njiani Tharsisi, mwenzake wa darasa la sita, akamwuliza, "Mbona mzee wenu hamkumtandikia mkeka?"

Pelagia alijiona amesalitiwa mbele ya shule nzima. Alipofika nyumbani alitoa kiko, akakiweka juu ya kigoda cha baba. Avute basi, macho yafunguke.

Nestori alikiona. Alikishika, lakini hakukiwasha.

"Sikumpa mama yako," alisema taratibu. "Sikumpa kaka yako. Nilikupa wewe."



Kesho yake walikwenda wote wawili zahanati. Muuguzi, Bi Mwanaamina, aliwaeleza kwamba mwili uliozoea tumbaku ukiikosa huhangaika. Usingizi wa usiku hukatikakatika, na mchana uchovu humwandama mtu. Baada ya wiki chache hali hutulia. Akamshauri Nestori aache chai ya jioni, na alale saa ile ile kila siku. Kisha akamgeukia Pelagia. "Baba hakusinzia kwa kukudharau, mwanangu. Mtu akikuamini akakukabidhi kitu, kitunze hata siku umemkasirikia."

Nje ya zahanati Nestori akamrudishia kiko.

Maharage yalipoanza kutoa maua, Nestori alikuwa akilala mpaka jogoo awike. Jioni moja aliketi kigodani, akaomba asomewe ngonjera yote tangu mwanzo. Alisikiliza, macho wazi, hadi ubeti wa mwisho. Halafu akauliza kiko kiko wapi.

"Sikupi, Baba."

"Vizuri," akasema Nestori. "Nilikuwa najaribu kufuli langu."