Alimwambia Upepo Hakuna

"Vipi huko mtoni, kuna upepo?"

Corinne alikuwa ndani ya gari, vioo amevipandisha hadi juu, simu kaibana sikioni. Nje upepo ulikuwa unalitikisa gari kama mtu anayemwamsha mlevi. Mto wote ulikuwa mweupe kwa mapovu.

"Hamna kitu, mpenzi," alisema. "Mto umelala. Kaa tu na kazi zako."

"Kweli? Huku juu mawingu yanakimbia sana."

"Huko ni juu, Nolan. Huku hata jani halitikisiki."

"Basi sawa. Nitamalizia kufunga mabomba ya maji. Jioni nikuletee chakula?"

"Tutaongea."

Akakata. Akajiangalia kwenye kioo cha gari, akaona mashavu yamemuiva. Kwa watu wa Hood River, mji wa Marekani ulio kando ya mto ambako watu huteleza majini juu ya ubao wenye tanga, unaweza kumdanganya mtu umri wako, hata mshahara wako, lakini kuhusu upepo hudanganyi. Upepo ukija watu hupigiana simu, mmoja anaacha meza ya ofisini, mwingine anaacha sufuria jikoni. Nolan Okimura alikuwa huko Parkdale, kwenye mashamba ya matunda ya peasi ya baba yake, nyuma ya vilima, mahali mto hauonekani. Alimwamini mchumba wake kuliko anavyoamini macho yake, kwa hiyo hakuangalia hata vipimo vya upepo kwenye simu.

Na huyo mchumba, wanangu, mwaka mmoja nyuma hakuweza hata kusimama juu ya ubao.

Nolan ndiye aliyemfundisha. Kiangazi chote alisimama kwenye maji ya kina kifupi, kiuno kimelowa, kashika mkia wa ubao ili Corinne aweze kuinua tanga. Corinne akianguka, anacheka. Akianguka tena, analia. Viganja vikachubuka hadi akashindwa kushika kalamu kule kliniki ya meno anakopokea wagonjwa. Mwezi wa tisa ndipo akajifunza kujifunga ule mkanda wa kiunoni wenye ndoano, tanga likamvuta, ubao ukainuka ukawa unaruka juu ya maji. Alipiga kelele mpaka upande wa pili wa mto wakasikia. Siku hiyo hiyo, wote wawili wanatetemeka kwa baridi, Nolan akamwambia, "Nataka kuzeeka nikikusikia unapiga kelele hivyo." Wakachumbiana. Harusi ikapangwa Oktoba ya mwaka uliofuata, peasi zikishavunwa.

Lakini mwaka wa pili kichwa kikavimba. Corinne akawa analala na utabiri wa hewa na kuamka nao. Akapata marafiki wapya, vijana wa matanga madogo na mbao fupi, ambao kwao fahari ni kutaja namba ya tanga. Tanga likiwa dogo, maana yake upepo ulikuwa mkali na wewe ni mtu. Kiongozi wao aliitwa Tanner.

"Yule mwenye ubao mpana kama meza ya chakula ni nani wako?" Tanner alimuuliza siku moja, mbele ya wenzake. "Yule anayekupigia kelele kutoka ufukweni. 'Nyoosha mkono wa mbele, kunja magoti.' Utadhani kocha wa watoto."

Wakacheka. Corinne naye akacheka.

"Ah, yule ni fundi tu. Alinifundisha mwanzo mwanzo."

Fundi tu. Pete aliivua kila alipovaa nguo ya mpira, akisema ataipoteza majini.

Sasa siku hiyo ya uongo, Tanner aligonga kioo cha gari.

"Mrembo, unaswali humo ndani? Nimekuletea ubao wangu mdogo. Leo tunavuka mpaka ng'ambo, upande wa jimbo la Washington."

"Huo si utazama nikisimama?"

"Unazama upepo usipokuwepo. Huu upepo unauona au huuoni?"

Alimshika bega. Corinne hakuutoa ule mkono.

Waliingia. Na niseme kweli, alipendeza. Tanga limelala kidogo, mgongo umenyooka, maji yanapasuka nyuma yake. Alivuka mto mara tatu. Mara ya nne, yuko katikati kabisa, tanga likawa jepesi mikononi. Likalegea. Upepo ukakata kama taa iliyozimwa.

Ubao ukazama chini ya miguu yake, akabaki majini hadi kifuani. Wenzake walikuwa karibu na ufuko, wakaogelea wakafika. Tanner alimpungia mkono kutoka mbali, kama mtu anayesema tutaonana, akaanza kukunja tanga lake. Mkondo wa maji nao ukamshika Corinne, ukawa unamsukuma kufuata mto, kuelekea njia ya meli.

Ndipo akaliona tishali. Limejaa ngano, refu kama mtaa, linashuka na mto taratibu.

Simu alikuwa nayo kifuani, kwenye mfuko usiopitisha maji. Akampigia Tanner. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Haikupokelewa.

Likabaki jina moja. Kidole kiligoma. Mtu yuko mbele ya tishali na bado anaona haya kupiga simu, mnaona aibu inavyoweza kumuua mtu?

Akapiga.

"Cori, mpenzi. Nilikuwa nataka nikupigie, mama ameniuliza kuhusu—"

"Nolan, niko majini."

"Maji gani?"

"Mtoni. Katikati. Upepo umekata."



"Si ulisema mto umelala?"

"Nilidanganya. Nolan, kuna tishali linakuja."

Alisikia kiti kikianguka upande wa pili, kisha sauti ya Nolan akimwambia baba yake apigie sherifu, mkuu wa polisi wa eneo, kwa simu ya ofisini. Halafu mlango wa pikapu, halafu injini.

"Nisikilize. Uko kwenye ubao gani?"

"Mdogo. Wa Tanner."

Hakuuliza Tanner ni nani. Hilo lilimchoma Corinne kuliko kama angeuliza.

"Weka simu kwa sauti kubwa, irudishe kifuani. Chini ya mlingoti kuna kitufe. Kibonyeze, achana na tanga."

"Ni tanga lake."

"Liache, Cori."

Akabonyeza. Tanga likaondoka polepole.

"Lala kifudifudi juu ya ubao. Upande upi ni karibu?"

"Washington."

"Chagua mti mmoja huko, usiangalie tishali. Haliwezi kusimama, kwa hiyo wewe ndiye wa kuondoka. Piga maji kwa mikono yote miwili. Nahesabu mimi. Moja. Mbili."

Tishali likapiga honi. Mara tano.

"Nolan, linanipigia honi."

"Limekuona, ni vizuri. Saba. Nane. Nyoosha mkono, usiukunje. Tisa."

Sauti ile ile aliyoionea haya ufukweni. Alipiga maji huku analia, anameza maji ya mto na makamasi yake. Nolan alihesabu hadi kumi akaanza tena, akahesabu huku anaendesha kwenye kona za milimani, hakuchoka wala hakumkaripia hata neno moja. Alipofika kumi ya kumi na nne, kivuli kikubwa kilipita nyuma ya Corinne, mawimbi yakamwinua yakamtupa mbele.

"Cori? Cori, sema kitu."

"Limepita."

Kisha Corinne akamsikia akilia, mwanaume mzima, peke yake ndani ya pikapu.

Boti ya sherifu ilipofika, Corinne alikuwa tayari amekaa juu ya mawe kando ya reli. Nolan akavuka daraja, akamfunga blanketi, akaufunga ubao wa mwanaume mwingine nyuma ya gari lake vizuri kabisa ili usikwaruzike.

Njiani simu ikaita. Ilikuwa imebaki kwenye sauti kubwa na vidole vya Corinne vilikuwa vimekufa ganzi. Aligusa kukata, ikapokea.

"Mrembo, nimeona umenipigia," ilikuwa sauti ya Tanner, nyuma yake watu wanacheka. "Simu niliiacha garini. Umefika nchi kavu? Njoo, tunakunywa bia. Na usimwambie yule fundi wako wa meza ya chakula, asije akatuhubiria."

Nolan alinyoosha mkono akakata yeye mwenyewe.

"Fundi ni mimi?"

"Ndiyo."

"Kuna kitu kati yenu?"

"Hapana. Ila alinishika bega, nikamwacha."

"Mimi nilikukosea nini?"

"Hujanikosea. Nilikuonea aibu." Alisema akiangalia miguu yake. "Ubao wako, kelele zako. Walicheka, na mimi nikacheka nao."

Nolan akasimamisha gari nje ya nyumba ya kina Corinne.

"Shuka. Mama yako atakuwa na wasiwasi."

Mama yake, Lorna, alikuwa mlangoni, mikono imejaa unga.

"Mbona umelowa hivyo? Na mbona Nolan hakuingia?"

Ikabidi aseme yote. Lorna hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi, akajifuta mikono kwenye sketi kana kwamba ni taulo. "Yaani ungekufa," alisema, "na mimi ningejua umekufa ukifuata upepo uliosema haupo."

Usiku Corinne alituma ujumbe: "Sina la kujitetea. Pete nimeivaa lakini nikiambiwa niirudishe nitairudisha." Asubuhi akaona umesomwa. Siku kumi na moja zikapita bila jibu.

Jumamosi akaendesha mpaka Parkdale. Familia ilikuwa mezani kwenye banda la kufungashia matunda, wanakula mchana na wachumaji. Wote wakaacha kula. Nolan akaendelea kutazama sahani yake.

"Mzee Okimura," Corinne alisema, "nimekuja kukushukuru kwa kumpigia sherifu. Na mimi ndiye niliyedanganya."

"Tunajua," mzee akasema. "Wali unapoa. Kaa."

Akakaa mwisho wa benchi. Baadaye Nolan alimfuata penye ngazi za kuchumia.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Nipe mpaka peasi ziishe. Hapo nitakuwa na jibu, la harusi au la kuachana."

"Naweza kuja kuchuma?"

"Ngazi ni nzito."

"Nitaibeba."

Alikuja kila Jumamosi. Tanner alituma ujumbe mara mbili, "Upepo upo, uko wapi?" Alijibu mara moja: "Niko kwa mchumba wangu, yule uliyemcheka nikacheka." Hakuandikiwa tena.

Mwisho wa Septemba, Nolan alibisha hodi kwa Lorna, kavaa shati safi. Corinne alikuwa jikoni, akabaki huko huko nyuma ya mlango.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya ile harusi."

Lorna akamkaribisha kiti. "Mwanangu, mimi ni mama yake, nampenda. Lakini ukisema unaondoka, sitakulaumu hata kidogo. Unamtaka bado, pamoja na yote hayo?"

"Pamoja na yote hayo. Ila nataka tuwe tunaambiana ukweli, hata ukiwa wa aibu."

"Corinne," Lorna aliita. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi toka huko uje uonekane."

Akatoka akijifuta uso kwa kitambaa cha vyombo, macho chini, na ilimchukua muda mrefu kuyainua.