Tone la Mafuta ya Bi Kafedha

"Abee!" Mwanatabu aliitika kutoka chumbani, na nyumba nzima haikuwa na aliyemwita.

Ishaka, kaka yake, alikuwa ukumbini akifungua redio ya jirani aitengeneze. Mama yao mdogo, Bi Mwanarehema, alikuwa uani akipara samaki.

"Nani kakwita, mwanangu?" aliuliza Bi Mwanarehema.

"Si wewe, mama mdogo?"

"Mimi? Samaki huyu kanishinda, nitapata wapi kinywa cha kuita watu?"

Wanawake wawili wakacheka. Ishaka hakucheka. Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo marehemu mama yake aliwakataza kutoka nje bila kutaja jina la Mungu. Na yeye peke yake alijua alilofanya siku tatu zilizopita.

Mwaka huo, 1996, Mwanatabu alikuwa na miaka kumi na tisa na barua aliyoilalia chini ya mto. Chuo kimoja cha urubani kilikuwa kimemwita Nairobi kufanya jaribio katika mashine ya kuigiza urukaji, na atakayeshinda angesomeshwa bure. Binti aliyekulia Changamwe, ndege zikimpitia juu ya bati usiku na mchana, angeomba nini zaidi? Ishaka alimtafutia kompyuta kuukuu iliyotolewa katika ofisi moja ya bandarini, programu ya kurushia ndege, na usukani wa mezani wa plastiki, ule wa kijiti kilichosimama wima, ili ajizoeze.

Lakini usukani ulikuwa na ugonjwa wake. Ukilazwa kushoto ulinata katikati, ukatoa mlio mdogo, tik, kisha ukachopoka kwa ghafla. Na ndege iliyokuwa ikitua vizuri kwenye kioo ikalala ubavu na kuvunjika.

"Rubani gani huyu," Ishaka alimtania, "kila siku atuzika sote na abiria wake?"

"Rubani yu mzima, kaka. Fundi ndiye mgonjwa."

Maneno hayo yalimwingia. Ishaka alikuwa fundi aliyejivunia kutengeneza kitu chochote bila kununua chochote. Aliupangusa usukani ndani kwa spiriti, haukupona. Alisugua unga wa penseli pale palipochakaa. Ukapona siku moja, kisha ukarudia. Alitoa springi yake akatia ya kalamu, akapaka nta ya mshumaa, akafunga ukanda wa mpira wa baiskeli. Tik. Zilibaki wiki mbili kabla ya jaribio. Mafuta ya cherehani yalikuwa yamekwisha, ilikuwa Ijumaa, na maduka yote yalikuwa yamefungwa kwa sala.

Ndipo alipoikumbuka chupa.

Mama yao, Bi Kafedha, alikuwa kiti cha pepo, akipandwa naye, kwa miaka thelathini. Pepo huyo aliwekewa chupa ya mafuta mepesi yaliyotiwa udi na waridi, na hakuna aliyeigusa bila kufukiza ubani na kuomba ruhusa. Bi Kafedha alipofariki, Bi Mwanarehema aliirithi kazi hiyo, na kila Alhamisi jioni aliifukizia bila kuifungua. Ishaka alimwona mama mdogo akienda kwa jirani. Alifungua kasha lililokuwa na chupa ile. Mafuta ni mafuta, alijiambia. Alichota kijiko kimoja, na ili pengo lisionekane akaijaza chupa kwa mafuta ya jikoni, yaliyokwisha kukaangiwa samaki.

"Umetia nini, kaka?" Mwanatabu aliuliza jioni ile, mkono wake ukienda na kurudi. "Mbona laini hivi?"

"Mafuta ya cherehani."

Tangu siku hiyo ndege haikuvunjika tena. Mwanatabu aliishusha katika mvua, katika ukungu, injini moja ikiwa imezimika, na magurudumu yakagusa ardhi kana kwamba yanaiomba radhi. Ishaka alifurahi, kisha furaha ikampungua. Kwa maana chumba kilianza kunuka udi na hapakuwa na chetezo, na "abee" ile ikawa mara mbili kwa siku, kisha mara tano, na baada ya kila "abee" Mwanatabu alisikiliza kidogo, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea maagizo.

Siku ya nane, saa ile ile ya saba, Ishaka aliingia chumbani na kompyuta ilikuwa imezimwa, waya wake umekunjwa sakafuni, kioo kikiwa cheusi kama kisima, na mbele ya kioo hicho dada yake ameketi wima bila kupepesa, jasho likimtiririka hadi kidevuni, na usukani unakwenda kushoto, unarudi, unakwenda kushoto, unarudi, na mkono wake umelala juu yake wazi, vidole vimenyooka, haukushika chochote, bali umeshikwa.

"Tabu," alinong'ona.

"Usiseme kwa nguvu," naye alinong'ona, midomo haikusogea sawasawa. "Mkono si wangu, kaka. Niondoe."

Aliuvuta. Ilikuwa kama kuvuta mzizi.

Kesho yake alasiri aliletwa Mwinyihaji, mganga wa Jomvu Kuu, mzee mkavu asiyependa maneno mengi. Majirani walijaa mlangoni, wengi wao wateja wa Ishaka. Ubani ulifukizwa, shuka jeupe likatandikwa, Mwanatabu akaketishwa juu yake. Mwinyihaji alizungumza na watu wa nyumba kwanza.

"Huyu namjua tangu enzi za marehemu. Hataki ng'ombe wala dhahabu, ataka adabu. Aliyemkosea akisimama akikiri, ataondoka mikono mitupu. Akikanwa, ataondoka na alichokishika. Mmenielewa?"

Walimwelewa. Ishaka alimwelewa kuliko wote.

Mganga alisoma hadi shuka likaanza kutetemeka, na sauti iliyotoka kinywani mwa Mwanatabu ilikuwa nzito, ya taratibu, ya mtu mzima aliyevunjiwa heshima ugenini.

"Miaka thalathini nimekaa nyumba hii. Leo napawa mafuta ya samaki."

Bi Mwanarehema alishika kifua. Mwinyihaji aliichukua chupa, akaimulika, akaifungua, akanusa, kisha akawatazama mmoja mmoja.

"Imejaa," alisema, "na yanuka kikaango. Nani aliyeifungua?"

Bi Mwanarehema alikuwa akilia. "Wallahi si mimi. Ishaka, mwanangu, kuna mtu aliingia? Sema, kama wajua."

Ishaka alitazama mlangoni. Walikuwapo watu waliomwachia redio zao na saa za baba zao, kwa kuwa waliamini haibi hata msumari. Alitazama mkono wa dada yake uliokuwa ukilala kushoto na kurudi juu ya shuka. Neno lilikuwa fupi. Lilimfika mpaka menoni.

"Mimi sijui habari ya chupa," alisema.

Kisha sauti ile ikasema, bila hasira, "Haya." Mwanatabu akaanguka. Harufu ya udi ikatoka mlangoni ikipita baina ya watu, nao wakaipisha.

Alilala mpaka asubuhi. Aliamka mchangamfu, akaomba chai, akakishika kikombe kwa mkono wa kulia na kukigeuza kushoto. Kifundo cha mkono kikanata katikati. Tik. Kikachopoka, na chai ikamwagika mkekani.

Nairobi alikwenda. Alirudi kwa basi la siku ya pili, na barua ile hakuiweka tena chini ya mto.

Miezi miwili baadaye, mchana, Ishaka alikuwa peke yake ukumbini akifanya kazi. Mwanatabu alikuja akaketi mbele yake, akasogeza redio kando, akaulaza mkono wake juu ya kitambaa, baina ya bisibisi, penseli na chupa ya spiriti.

"Unuse," alisema.

"Tabu, mimi..."

"Unuse, kaka."

Aliinama. Ulinuka udi, na chini ya udi, mafuta ya kukaangia samaki.

"Nilidhani ni mama mdogo, na samaki wake," dada yake alisema polepole. "Nimemnyamazia miezi miwili, namchukia moyoni, na yeye huniogesha. Kisha nikakumbuka ni nani aliyeniambia ni ya cherehani."

Mbele ya watu wote wale lilikuwa neno moja. Sasa hata maneno elfu yasingetosha, na Ishaka alilijua hilo.

"Haya," alisema Mwanatabu. "Nawe fundi. Nitengenezee."

Nje, ndege ilipita chini, ikienda kutua. Mkono uliokuwa kitambaani ukajilaza wenyewe kushoto, ukanata, na kabla haujachopoka, Mwanatabu aliinua uso na kuitika, "Abee."