Karibu Tena, Hapa Ni Kwako

Asubuhi ile Mama Mashuka alikuwa akipiga pasi. Sisi majirani ndio tuliombandika jina hilo, kwa kuwa shuka zake zilikuwa nyeupe kiasi cha kuumiza macho, na kwa kuwa angeweza kukuacha mlangoni na shida yako mpaka amalize kukunja pembe ya mwisho. Haya aliyasimulia mara moja tu, mchana kweupe, na kila kitasa kilipolia alinyamaza.

Alikuwa mjane. Marehemu mumewe alimwachia nyumba nzuri, na uani kulikuwa na vyumba vidogo walimoishi yeye na binti yake. Nyumba kubwa waliwapangishia wageni wa likizo kupitia mtandao. Shemeji zake walitaka iuzwe tangu matanga. Yeye aliwaambia itajilisha yenyewe, na kweli ikajilisha. Kisha wageni wakakatika. Msimu ukaanza, ukafika katikati, simu kimya. Shuka zikawa zinafuliwa kwa sababu ya vumbi tu.

"Mama, hizo unawafulia mashetani?" binti alimtania. "Hakuna binadamu aliyezilalia."

"Funga bakuli lako ushike upande wa pili."

Binti akashika. Yeye ndiye aliyesimamia mambo ya simu. "Nyumba yetu imezama huko mtandaoni," alisema. "Mtu haioni mpaka apekue hadi achoke. Wenzetu wanajipangisha wenyewe. Unatengeneza mgeni, analipa, anakaa, anasifia. Nyumba inapanda."

"Mgeni wa uongo?"

"Wa kuchangamsha biashara, mama yangu."

Mgeni alihitaji picha. Binti akapekua simu, akapata ya zamani: baba yake amesimama mlangoni mwa nyumba ileile, amepigwa kwa nyuma, mabega mapana, koti la kahawia. Uso hauonekani.

"Baba naye atusaidie kidogo huko aliko," alisema akicheka.

Mama Mashuka aliiacha pasi juu ya shuka mpaka ikaanza kunuka. Angeweza kusema. Binti alifiwa angali mdogo sana, na alichowahi kuambiwa ni kwamba baba yake alikuwa mkali kidogo. Hakuambiwa habari za jino, wala za mbavu, wala za siku ile mama alipomlalia mwanawe kama kifuniko cha sufuria ili mateke yaishie mgongoni kwake.

"Fanya upesi," ndilo alilosema.

Binti akaisifia nyumba kwa niaba ya mgeni, akajaza nyota zote. Katika kazi ile mwenye nyumba naye humjibu mgeni, ndiyo adabu. Mama Mashuka akaandika kwa mkono wake maneno aliyowaandikia wote: Karibu tena wakati wowote. Hapa ni kwako.

Kesho yake alikwenda kufungua madirisha. Kitanda kilikuwa kimelaliwa, upande wa ukutani. Taulo lilikuwa limelowa.

"Ulilala huku?" alimwuliza binti.

"Mimi? Nina kitanda changu."

Alibadilisha shuka. Alipouinua mto, ulikuwa na joto.

Siku hiyohiyo alimtaka binti amfute yule mgeni.

"Tukimfuta sasa watatushtukia, Mama. Halafu tazama." Akamwonyesha simu. "Kuna maharusi wanataka kuja Ijumaa. Tumepanda!"

Shemeji mkubwa alikuwa amekwisha kusema atakuja na dalali. Mama Mashuka aliitazama ile simu, akautazama mlango wa nyumba kubwa. Akakubali asifutwe.

Ijumaa asubuhi waliingia wote wawili kuandaa. Yeye alikuwa chumbani akinyoosha mapazia kwa pasi. Binti alikuwa bafuni akisugua sakafu, akiimba. Wimbo ukakatika.

"Mama, huyu nani—"

Kisha ukaja ule mlio. Ngumi ikikutana na shavu ina mlio wake. Haufanani na kitu kuanguka. Mama Mashuka hakuwa ameusikia kwa miaka, na miguu yake ikaukimbilia kabla ya akili.

Binti alikuwa chini. Nywele zake zilikuwa zimevutwa juu, zimekazana, na kichwa kilikuwa kinagongwa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Juu yake lilikuwapo koti la kahawia.

"Mwache!"

Alimwona mgongo. Akazunguka upande wa dirisha ili amkabili, akauona mgongo. Akapita upande wa mlango. Mgongo. Hapakuwa na uso. Walikuwa wamempa picha ya nyuma, na kwa nyuma ndivyo alivyokuja.

Mkono ukatoka ndani ya koti bila kugeuka. Ukamshika koo. Ukambamiza ukutani, na mfupa wa bega ukalia kama kijiti kikavu. Alianguka. Teke likaja. Lingine likamfuata binti tumboni. Damu ilikuwa ikitambaa kwenye vigae kuelekea tundu la maji.

Mama Mashuka alitambaa mpaka chumbani. Pasi ilikuwa ingali moto. Akaivuta kwa mkono mmoja, waya ukachomoka, akarudi. Akaikandamiza juu ya ule mgongo kwa uzito wake wote. Sufu ikaungua. Kisha kikaungua kitu kilichokuwa chini ya sufu. Hakuna aliyepiga kelele. Mkono ukaendelea kumpiga mwanawe.

Ndipo yakamjia maneno ya kazi, yale anayomwambia kila mgeni asiyejua kuaga. Aliyanong'ona, kwa kuwa koo halikuwa na sauti nyingine.

"Mgeni. Saa ya kutoka imepita. Toka kwangu."

Ngumi ikasimama hewani.

"Toka."

Lile koti likanyooka. Likaondoka kupita sebuleni, na kwa mara ya kwanza mgongo ule ulikuwa upande wake sahihi. Mlango ukafunguka. Ukafungwa taratibu, kama unavyofungwa na mtu mwenye ufunguo.

Walikaa juu ya vigae, mama amempakata binti kwa mkono mzima. Hapo ndipo alipomwambia yote, la jino, la mbavu, la mateke. Binti alisikiliza jicho moja limefumba.

"Mimi ndiye niliyemwalika," alisema.

"Nami ndiye niliyemkaribisha."

Wakamfuta yule mgeni. Wakayafuta na maneno ya ukaribisho. Binti akauliza kwa sauti ndogo, "Na maharusi? Tuwaambie wasije?"

Mama Mashuka alifikiri juu ya shemeji na dalali. Alifikiri pia kwamba ameuona mlango ukifungwa kwa macho yake mawili. Akamwambia alete maji, wasugue.

Maharusi wakaja jioni. Mume alikuwa mfamasia, mpole hadi kuchekesha. Alivikanyaga viatu vyake mwenyewe akikwepa zulia, akaomba radhi. Mke alimwita "Babu" kwa utani. Walicheka mpaka taa zikazimwa.

Siku ya kuondoka saa ya kutoka ilifika, mlango haukufunguliwa. Mama Mashuka alibisha kwa mkono usiofungwa bendeji. Akabisha tena.

Mke ndiye aliyefungua. Mdomo ulikuwa umepasuka, jicho limefumba, na kanga aliyojifunga ilikuwa na damu kifuani.

"Hajawahi kunigusa," alinong'ona. "Mama, naapa. Hajawahi."

Mume alikuwa bafuni, ameketi kwenye ukingo wa beseni, mkono wa kulia chini ya bomba. Maji yalimiminika mekundu. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechunika hadi mfupani. Alikuwa akilia bila sauti, akiutazama mkono huo kama wa mtu mwingine.

Mama Mashuka alifunga bomba, akauinua mkono ule kwenye mwanga wa dirisha. Kuzunguka kiganja palikuwa na alama nyeusi za vidole vinne na gumba, vikubwa kupita vya mume huyo mwenyewe, vimemshika kwa nyuma, kama mtu anavyomshika mtoto mkono akimfundisha kuandika.