Shimo Jeusi Lililotoroka

Duka la kuchapisha lilikuwa limefurika watu mchana ule. Mwanafalaki, gauni lake la kijani limemganda mgongoni kwa jasho, alikuwa akisubiri picha yake ya anga. Mara mwanamume mrefu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, akaichukua mezani kwa makosa.

"Dada, wamekuharibia picha. Ona mashine ilivyoikwaruza hapa."

"Huo si mkwaruzo, kaka. Nadhani shimo jeusi limepita hapo."

"Shimo linatembea?"

Sauti ile aliijua. Nusu ya jiji iliamka nayo redioni kila asubuhi.

"Yote yanasafiri, kama nyota zinavyosafiri," alimjibu. "Hili lakini limetimuliwa kwao. Galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zilipogongana, mashimo yao yakavutana, moja likarushwa nje. Sasa linakwenda peke yake, na gesi linayoisukuma inazaa nyota nyuma yake."

"Yaani linatupa watoto njiani bila matunzo!" Mtangazaji akacheka. "Nipe namba yako kabla halijafika huku."

"Haliji huku, usijitie hofu." Namba lakini akampa.

Simu zikaanza kumiminika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula hesabu tu leo."

"Hizo hazishibishi, mahabuba. Teremka, niko nje ya ofisi yenu na chakula."

Dada yake, aliyekuwa akiishi naye, alimtania bila huruma. "Shemeji yangu huyo anakupigia utadhani anakudai!" Mwanafalaki alijifanya kununa, huku akitabasamu mpaka magego yakaonekana.

Asubuhi moja Mtangazaji akanogewa na kipaza sauti. "Jamani, mpenzi wangu anafukuzia shimo jeusi lililomkimbia mumewe!" Jiji likaangua kicheko. Hakujua kwamba siku hiyohiyo mpenzi wake alikuwa akiiomba kamati nafasi ya kutumia darubini kubwa. Mkuu wa idara, ambaye siku zote alishikilia kwamba ule mstari wa pichani ni kasoro ya kamera, alimpokea mlangoni: "Karibu, mama wa shimo lililoachika!" Wajumbe wakacheka. Ombi likawekwa kando.

Alimpigia Mtangazaji simu akiwa ngazini.

"Umenifanya kichekesho."

"Mpenzi, nilikuwa najivunia wewe..."

"Kujivunia gani huko? Kazi niliyoitolea jasho umeigeuza utani wa asubuhi!"

Akakata. Hakupokea tena.

Wiki iliyofuata alirudi mbele ya kamati, safari hii bila kualikwa, amevaa suti nyeusi na viatu vilivyogonga sakafu. "Kama ni kasoro ya kamera, darubini nyingine haitauona mstari huu," aliwaambia. "Nipeni nafasi. Nikikosea, nitakiri mwenyewe hadharani." Hata Mkuu alikubali. Nafasi akaipata.

Nyumbani, dada yake aliongeza sauti ya redio. Mtangazaji alikuwa akisema polepole, bila mbwembwe: "Nilimfanyia mzaha mtu kwa kazi nisiyoielewa. Nikamuumiza. Nakosa raha, na ninastahili."

"Mpigie basi, mdogo wangu."

"Nina kazi, dada." Macho lakini yalikuwa yamelowa.

Darubini kubwa ikauona mstari, wazi kabisa. Nyota changa zilikuwa kwenye ncha, kongwe zikiwa nyuma, na gesi ya mbele imebanwa vilevile hesabu zake zilivyosema. Waandishi wa habari wakajaa ukumbini. Mkuu wa idara akasimama mbele yao. "Nilikosea," alisema, akampisha jukwaani.

Mkono ukainuka nyuma. Alikuwa Mtangazaji, amekonda, shati halijapigwa pasi.

"Daktari, linakwenda kasi gani?"

"Lingetoka hapa hadi mwezini kwa dakika kama nne."

"Nina swali jingine, ila si la redio."

"Ulinitania mbele za watu. Uliza mbele za watu."

Mtangazaji, mtu wa maneno mengi, akababaika. "Utanisamehe? Na... utakubali nikuoe?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Mwanafalaki. Aliteremka jukwaani, akapita katikati ya kamera, akamshika mkono.

"Nimekusamehe tangu nilipokusikia redioni. Hilo la pili nalikubali leo."

Dada mtu, aliyekuwa ukumbini, alipiga kigelegele mpaka vipaza sauti vikalia, na wa kwanza kusimama kupiga makofi alikuwa Mkuu wa idara.