Breki Hazipakwi Mafuta

Katika nyumba ile kila mtu alikuwa na kelele yake. Seremala alikuwa na msumeno na randa uani. Mkewe alikuwa na cherehani barazani. Mama wa seremala, aliyehamia kwao alipofiwa na mumewe, alikuwa na kikohozi cha kuamsha mtaa. Hakuna aliyelalamika. Kelele ya kazi ni kelele ya chakula.

Kelele iliyowashinda ilikuwa ya gari.

Lilikuwa gari dogo la zamani, na mwenyewe hasa alikuwa mke. Alilipata likiwa bovu, akalifufua polepole. Siku za kazi lilibeba vitambaa, mbao na mama. Lakini nje ya mji kulikuwa na uwanja wa mbio za magari. Mara moja kwa mwaka uwanja huo ulifungua lango kwa watu wa kawaida, waje na magari yao, wazunguke, kila mmoja apimwe muda wake. Mwaka uliopita mke alikwenda. Alirudi na tabasamu lisilofutika, na magurudumu ya mbele yakinuka moshi. Mwaka huu alikuwa amejiandikisha tena. Siku ilikuwa Jumamosi, na yeye alikuwa akiihesabia siku kama mtoto anavyongoja sikukuu.

Mumewe alimtania kwamba mashati ya wateja anayashona kwa mwendo wa konokono ili mbio zote aziweke kwa ajili ya gari. Mke akamjibu kwamba shati halina kona.

Basi wiki chache kabla ya siku hiyo gari likaanza kulia. Kila mke alipokanyaga breki, ulitoka mlio mwembamba, mrefu, wa kutoboa sikio. Mama alikuwa akishushwa kila Jumatatu kwenye kikundi cha kufuma. Wenzake wakaanza kumwambia kwamba siku hizi hawahitaji saa, wanamsikia akija tangu njia panda. Mama akatangaza kwamba hapandi tena.

"Gari linalia kama mbuzi aliyesahauliwa juani," alisema. "Mimi nitatembea."

Mke alimwomba asubiri. Alikuwa na sare za shule za kumaliza. Akizimaliza atalipeleka gari gereji. Lakini seremala hakuweza kusubiri. Aliwapenda wanawake wale wawili, na alitaka kuwafurahisha wote kwa mkono mmoja. Tena alikuwa na kopo lake la mafuta lenye mdomo mrefu, na maishani mwake kopo lile lilikuwa halijamwangusha. Mlango ukilia, aliutia mafuta bawaba. Toroli likilia, alilitia mafuta. Kwake yeye kinacholia kinataka mafuta, basi.

Mkewe alipokwenda kununua uzi, seremala akaliinua gari kwa jeki, akafungua gurudumu la mbele. Ndani aliona sahani ya chuma inayong'aa. Hiyo ndiyo diski. Pande zake mbili kulikuwa na vipande viwili vinavyoibana. Hizo ndizo pedi. Akaona kwamba hapo ndipo vitu vinaposuguana. Akamimina mafuta hapo hapo, kwa ukarimu. Akafanya vivyo hivyo upande wa pili, akafunga magurudumu, akanawa mikono.

Mke aliporudi akaambiwa ajaribu gari lake. Mama alitolewa kiti barazani ashuhudie. Ua wao ulikuwa na mteremko mdogo kuelekea kwenye karakana ya seremala. Mke akawasha gari, akaliacha literemke taratibu, akakanyaga breki.

Hakukuwa na mlio. Hakukuwa na breki pia. Pedali ilikuwa ngumu kama kawaida, lakini gari liliendelea na safari yake. Mke akavuta breki ya mkono. Gari likapungua mwendo kidogo, likaingia pua kwenye magunia ya unga wa mbao yaliyopangwa mbele ya karakana. Gunia moja likapasuka. Nyuma ya magunia hayo kulikuwa na kabati la bibi harusi, jipya, limepakwa rangi jana yake. Liliponea chupuchupu.

Vumbi la mbao lilipotulia, wa kwanza kusema alikuwa mama. "Kelele kweli imekwisha."

Mke alishuka, nywele zimejaa unga. Hakumgombeza mumewe, na hilo lilimuumiza mume zaidi. Alimuuliza tu amefanya nini. Alipojibiwa, alikung'uta unga nywelini, akasema, "Kule uwanjani kuna kona yenye ukuta, mume wangu. Hakuna magunia."

Mwisho wa mtaa kulikuwa na gereji ya Mama Spana. Jina hilo alilipata kwa sababu hata kwenye arusi spana haikukosekana mkobani mwake. Aliitwa, akaja, akafungua gurudumu, akaona mafuta yanachuruzika. Akamtazama seremala.

"Jirani, breki ni msuguano. Pedi inabana diski, vinasuguana, gari linasimama. Wewe umelipaka utelezi, halafu unalidai lisimame?"

Seremala akauliza kama hawezi kuzifuta kwa kitambaa. Mama Spana akasema diski itasafishwa kwa dawa yake, maana ni chuma kitupu. Lakini pedi hunywa mafuta kama mkate unavyonywa chai. Pedi iliyolowa mafuta hutupwa. Haifutwi, haioshwi, haianikwi.

Kisha akawaonyesha jambo jingine. Pedi zile zilikuwa karibu kwisha, zimebaki nyembamba kama sarafu. Pembeni yake kulikuwa na kibati kidogo cha chuma kilichokunjwa.

"Hiki kimewekwa makusudi," alisema. "Pedi ikikaribia kwisha, kibati kinagusa diski na kulia. Gari lilikuwa linawaambia."

Mama, ambaye alikuwa amesogeza kiti karibu, akauliza kama kila mlio basi ni habari ya msiba. Mama Spana akacheka, akasema hapana, mama, mlio huulizwa kwanza. Unalia wakati gani? Kama ni asubuhi tu, gari limelala kwenye umande au mvua, ukikanyaga mara mbili tatu mlio ukaondoka, hiyo ni kutu nyepesi juu ya diski. Haina neno. Mlio mwembamba unaorudi kila siku, mchana na jioni, unataka pedi zitazamwe. Pedi zikiwa bado nene, huenda kuna kitu kimelegea au kimekauka. Mgongano wa ko-ko ni dalili ya kitu kilicholegea, kikazwe mara moja.

"Na ukisikia mkwaruzo, kama jembe kwenye jiwe?" aliuliza mke.

"Hapo chuma kinakula chuma. Unaegesha, unaniita. Huendi hata dukani."

Seremala, ambaye aibu ilikuwa bado inamchoma, akataka kulipa kosa. Akamwambia Mama Spana aweke pedi kali kuliko zote, zile za magari ya mashindano. Mama Spana akatikisa kichwa. Zile, alisema, huamka zikipata moto mkali. Zikiwa baridi zinashika kivivu. Uwanjani zinapata moto. Huku mtaani hazipati.

"Jumatatu mkeo anampeleka mama yako kufuma. Mtoto akiruka barabarani, atamwambia asubiri breki zipate moto?"

Mke akaeleza yaliyompata mwaka uliopita. Mizunguko ya kwanza gari lilisimama vizuri. Baadaye pedali ikawa ngumu, anakanyaga kwa nguvu zote, na gari halipungui. Mama Spana akasema hizo zilikuwa pedi za kawaida zimezidiwa na moto. Ingekuwa pedali imelainika na kuzama hadi chini, kosa lingekuwa la mafuta ya breki, yale ya ndani ya mabomba. Yakiwa ya zamani huvuta unyevu, na yakipata moto huchemka. Yote mawili yanamtaka dereva atoke uwanjani polepole na kuliacha gari lipoe.

Wakakubaliana hivi. Zitawekwa pedi za kati, zinazoshika zikiwa baridi na kustahimili moto kuliko za kawaida. Diski zitapimwa unene. Mafuta ya breki yatabadilishwa, yawekwe mapya yanayostahimili joto zaidi.

Wakati wa kufunga pedi mpya Mama Spana alimwita seremala, akampa kikopo cha grisi maalumu ya breki. "Mafuta yapo, jirani, ila yana mahali pake. Kidogo mgongoni mwa pedi, kidogo kwenye pini zinazoteleza. Usoni mwa pedi, kamwe." Seremala akachonga kijiti, akapaka kwa uangalifu kuliko alivyopaka rangi kabati la bibi harusi.

Kazi haikuishia hapo. Mama Spana na mke walikwenda kwenye barabara pana isiyo na watu. Mke akaenda mwendo wa kati, akapunguza hadi karibu mwendo wa miguu bila kusimama, akaongeza tena, akapunguza tena, mara nyingi. Kisha wakaendesha bila kugusa breki hadi zikapoa. Pedi mpya ni kama kiatu kipya. Unakizoesha mguu kwanza, ndipo unakivaa kwenda kucheza ngoma.

Jumamosi mume na mama walisimama kwenye uzio, karibu na kona yenye ukuta. Mama alikuwa amefumba jicho moja. Gari dogo likaja likiteremka, pua ikainama, likapungua, likapinda, likaenda zake. Mzunguko uliofuata likafanya vilevile, na uliofuata tena vilevile. Mama akafumbua jicho. Mzunguko wa mwisho mke aliuendesha polepole ili breki zipoe. Alipoegesha hakuvuta breki ya mkono, maana diski zilikuwa bado na moto, na pedi zingeweza kuzigandia. Aliliacha kwenye gia, na seremala akachomeka chini ya gurudumu kabari aliyoichonga mwenyewe kwa mbao ngumu.

Muda wa mke ulikuwa bora kuliko wa mwaka uliopita. Hakupewa kikombe. Alishuka akicheka, akamwambia mumewe kwamba leo ukuta umechoka kumngoja.

Jumatatu asubuhi ardhi ilikuwa imelowa umande wa usiku. Mama alikuwa amekaa kiti cha nyuma na kikapu chake cha nyuzi. Mke akarudisha gari nyuma kuelekea langoni, akakanyaga breki. Wiiii.

Seremala akatoka karakanani, kopo la mafuta mkononi. Lilikuwa la mlango wa kabati, lakini mama hakumpa nafasi ya kujieleza. Aliteremsha kioo.

"Rudi na kopo lako," alimwambia mwanawe. Kisha akamgeukia mkwewe. "Kanyaga mara mbili, mwanangu. Ni umande tu."

Mke akakanyaga mara mbili. Gari likanyamaza, likatoka langoni na mama ndani yake.