Magodoro Yasiyotajwa

Harufu ya shati lililoungua ndiyo iliyomtoa Teresa, jirani wa mlango wa pili, akaja kugonga. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Obura, msemaji wa wizara, alikuwa amelala kifudifudi kando ya meza ya kupigia pasi, kisogo kimepasuka, na pasi yenyewe iko sakafuni karibu na sikio lake.

Inspekta Anena alifika kwenye nyumba hiyo ya mtaa wa Bugolobi, Kampala, asubuhi hiyo hiyo. Alikuwa mama mtu mzima, mzito wa mwili, asiye na haraka. Alifumba macho akamwombea maiti kwanza, maana kila aliyelala hivyo ana Mungu wake. Kisha akamgeukia Sajini Kamis.

"Wizi?"

"Hapana, afande. Simu iko, saa iko mkononi. Kufuli halijaguswa."

"Basi alifungua mwenyewe, akarudi kwenye pasi yake. Huwezi kupiga pasi mbele ya mgeni wa heshima. Huyu alikuwa mtu wa kuzoeana naye."

Teresa alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Ulisikia nini, dada?"

"Sauti ya mwanamke."

"Akigomba?"

"Hakugomba. Alikuwa anabembeleza, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Halafu kishindo."

Kwenye kochi palikuwa na gazeti la wiki kadhaa zilizopita, limekunjwa kwenye safu ya Kunguni. Juu yake imebanwa taarifa ya wizara, ya siku ile ile, ikimjibu huyo Kunguni. Anena alivichukua vyote viwili.

Kunguni kila mtu Kampala alimjua kwa maandishi, hakuna aliyemjua kwa sura. Alimuuma waziri kila wiki, na alimuuma kwa ndani, mahali ambapo mtu wa nje hafiki. Mwishowe polisi wa kitengo kingine walifuatilia barua pepe zake hadi duka la kompyuta mtaani Namuwongo, wakamkamata mwenye duka, Mkenya mmoja aitwaye Khaemba. Tangu akamatwe, Kunguni hakuandika tena. Watu wakasema, si mnaona?

Mochwari, Anena alikuta makundi mawili yamesimama mbalimbali, kila moja likimlilia Obura wake.

"Huyu alikuwa simba wa habari za siasa," alisema mwandishi mmoja mzee. "Tulifungwa naye kwa ajili ya kalamu. Wale wa wizara walituibia tu."

Bwana wa wizara alisikia. "Mliibiwa nini? Alikuja kwetu kwa miguu yake, akarudi kwenu, akaja tena. Na hakuna aliyeitetea serikali kama yeye. Gazeti likitoka asubuhi, jibu lake liko tayari chai haijapoa."

Kamis alimnong'oneza bosi wake. "Afande, tunazika watu wangapi hapa?"

Anena hakucheka. Kichwa kilikuwa kinamzunguka. Simba, mtetezi, mwandishi, msemaji. Kila akimshika Obura mkono mmoja, mwingine unamponyoka.

Alikaa garini akasoma safu ya Kunguni. Ilihusu barabara na magari ya waziri. Akasoma taarifa ya wizara. Ilikanusha habari ya barabara, ikakanusha magari, na mwisho ikasema hivi: si kweli kwamba magodoro ya zahanati yaliishia katika hoteli ya shemeji wa waziri.

Akarudi kwenye safu. Akaisoma kwa kidole, neno kwa neno.

"Kamis, wewe unaona magodoro hapa?"

Kamis alisoma. "Hakuna godoro, afande."

"Mbona basi wanakanusha kitu ambacho hakuna aliyekitaja?"

Mtu asiyeshtakiwa hajitetei, labda kama anajua mashtaka yanakuja.

Gazetini walimkuta mhariri mkuu, Oloo, mtu wa kujifuta jasho.

"Bwana Oloo, nani anapokea maandishi ya Kunguni?"

"Nelima peke yake, afande. Mimi nilikataa kuyafungua. Usichokijua hakikufungi."

"Huyu Nelima ni nani?"

Oloo alishusha sauti. "Mhariri wangu wa kurasa za siasa. Mke wa yule Khaemba aliyekamatwa. Ndiyo maana mumewe wamemshikilia hivyo. Duka la mume, gazeti la mke, wewe ungesemaje?"

"Na Obura alikuwa nani kwake?"

"Mwalimu wake. Alimfundisha kazi kwenye meza ile pale."

Nelima alikuwa amekaa kwenye meza ile ile. Mwanamke mwembamba, rozari shingoni, kiganja cha kulia kimefungwa kitambaa. Anena alivuta kiti akakaa, kama shangazi aliyekuja kusalimia.

"Pole na mkono, binti yangu."

"Ahsante, mama. Ni sufuria."

"Kunguni wa mwisho alikuja na magodoro?"

"Alikuja nayo."

"Yakaenda wapi?"

"Tangazo la sabuni liliingia dakika za mwisho, nafasi ikapungua. Nikakata. Obura alitufundisha ukikata, kata mkia, kwa sababu kichwa ndicho kinachosomwa. Magodoro yalikuwa mkiani."

"Nani mwingine aliisoma aya hiyo?"

"Hakuna. Mimi, na aliyeiandika."

"Na wizara ikaijibu asubuhi yake."

"Ndiyo, mama."

Chumba kizima kilikuwa kimeacha kuandika.

"Sajini ataomba alama za vidole vyako," alisema Anena taratibu. "Mpini wa pasi unazo za watu wawili."

"Asijisumbue. Twende."

Kituoni, baada ya kuonywa kisheria, Nelima aliomba maji, akayanywa yote.

"Nililinganisha karatasi zile mbili wakati namtafutia Khaemba wakili. Nilidhani nimechanganyikiwa. Obura ndiye Kunguni. Asubuhi anamuuma waziri, asubuhi hiyo hiyo anamtetea. Jibu alikuwa analiandika pamoja na swali."

"Na duka la mumeo?"

"Alikuwa anakuja pale kutuma, Khaemba akidhani mzee anasoma barua za watoto wake. Hata chai tulimpa."

"Ukamwendea."

"Nilimwendea kwa heshima. Nikamwekea karatasi mbele. Hakukana. Akasema, 'Nelima, mchana natenda dhambi, jioni natubu. Kunguni ndiye toba yangu.' Nikamuuliza, toba gani hiyo ambayo kifungo anatumikia mwenzako? Nikapiga magoti, mama. Nikamwambia aende tu aseme ni yeye. Akasema nisubiri, wanampeleka kazini ubalozi fulani nje ya nchi, akifika huko ataandika barua. Akanipa mgongo atafute shati lingine, lile la mezani lilikuwa linaungua. Alikuwa na mkutano na waandishi." Alitazama kiganja chake. "Pasi ilikuwa karibu."

Simu ya Anena iliita. Ni Kamanda Dawudi, mkubwa wake.

"Nimesikia mmempata. Vizuri. Mwanamke amebembeleza, mwanamume amekataa. Hayo ni mapenzi, Anena. Andika hivyo tufunge jalada."

"Na Kunguni, afande?"

"Kunguni hupigwa dawa, haandikwi kwenye jalada. Umenielewa?"

"Nimekusikia, afande."

Akarudi akakaa. Kwa mara ya kwanza siku ile hakujua aanzie wapi.

"Binti yangu, nitakwambia ukweli. Ukisema ni mapenzi, wakubwa watafurahi, na mahakama huenda ikakuonea huruma. Ukisema la Kunguni, watakuita muuaji wa afisa wa serikali."

"Nikisema mapenzi, Khaemba anatoka?"

"Hatoki. Mwenye kusema Kunguni ni nani amekufa. Umebaki wewe."

"Basi mbona unaniuliza, mama?"

Anena alisimama. Karatasi ya kituoni hupita mikono mingi, na mkono wa Dawudi ulikuwa njiani. Akamwambia Kamis alete gari, wakampeleka Nelima moja kwa moja mahakamani, akaungame mbele ya hakimu, mahali ambapo kamanda hafuti neno. Simu iliita njia nzima. Kamis aliitazama, akatazama barabara.

Hakimu aliwatoa polisi nje, kama sheria inavyotaka, lakini mlango ulikuwa mbovu, haufungi vizuri. Anena alisimama ukumbini akasikia yote: duka, chai, aya iliyokatwa, magodoro. Alisikia jina la Khaemba likitajwa na hakimu akiomba lirudiwe herufi kwa herufi.

"Kwa hiyo," hakimu aliuliza, "ulikwenda pale kumuua?"

"Hapana, mheshimiwa. Nilikwenda kumwomba aseme neno moja. Nikamfunga mdomo mimi mwenyewe. Ndiyo maana nimekuja kulisema badala yake."