Mabehewa Yasiyoshikana

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa injini kuzunguka meza mara nne bila kosa. Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, saa tisa alasiri. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani, na Adrian Ndunguru aliandika katika daftari: "Injini peke yake. Mizunguko minne. Sawa." Kisha akafunga mabehewa manne nyuma yake, akazungusha ufunguo, akaachia.

Kwenye kona iliyotazama dirisha, behewa la mwisho lilijifungua kulabu na kusimama.

Hakushangaa. Alikuwa mhandisi katika karakana ya reli kwa miaka kumi na tisa, mpaka yeye na wenzake walipopunguzwa kazini na akarudi kwao Mbinga, ambako hakuna hata hatua moja ya reli. Treni hiyo ya mezani aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao: injini ya kutia ufunguo, reli, magurudumu na kulabu. Mabehewa yenyewe yalikuwa yamevunjika. Mkewe Winifrida, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hakuwahi kuona treni maishani, alikuwa akiitazama injini ikikimbia yenyewe na kucheka. "Bwana mhandisi, hii inakwenda wapi bila abiria?"

Winifrida alifariki mwezi wa Mei, kwa homa ya siku nne. Wiki tatu baada ya kuanua matanga, Mansuetus alileta mabehewa manne ya mbao aliyoyachonga mwenyewe: jekundu, la bluu, la kijani na la njano, yote yamepakwa rangi nyeusi chini. Mansuetus alikuwa fundi seremala, na ndiye aliyewasimamia siku ya ndoa. "Kaka, sina neno la kukufariji," alisema. "Nina mikono tu." Adrian, ambaye hakulia mazishini, alilia siku hiyo.

Basi akaanza kutafuta kosa. Alipima nafasi kati ya magurudumu, ekseli moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa imebana kwa nusu milimita, akairekebisha. Alilinganisha urefu wa kulabu. Ya behewa la kijani ilining'inia chini, akaikunja juu. Mabehewa yalikuwa mepesi, akayatia risasi za kuzamishia nyavu za wavuvi kutoka ziwani, uzito sawa kila moja. Aliweka bilauri ya maji mezani kuhakikisha meza haikuinama.

Behewa la mwisho likajifungua pale pale.

Alibadilisha mpangilio, akaweka jekundu mwisho. Likajifungua. Akaweka la njano. Likajifungua. Akageuza meza yote, ili kona ile itazame mlango. Treni ikaipita salama, ikafika kona ya pili, ambayo sasa ndiyo iliyotazama dirisha, na hapo behewa likaachia. Nje ya dirisha, nyuma ya mibuni, kulikuwa na kaburi la Winifrida.

Aliandika: "Kosa haliko mezani."

"Mtu mzima na digrii yako, unacheza na gari la watoto," alisema Shangazi Luisa mlangoni. Alikuwa dada wa baba yake, na tangu msiba alikaa naye kumpikia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Ugali unapoa." Kisha akanusa hewa. "Umepasua mbao humu?"

"Hapana."

"Mbona kunanuka mninga?"

Harufu ilikuwepo kweli, ya mninga uliopasuliwa leo, na chini yake harufu ya udongo uliolowa, wakati mvua haikuwa imenyesha tangu Mei. Adrian aliijua. Mwaka uliotangulia alinunua mbao za mninga pale Kitai, kwenye lori, kwa ajili ya kitanda. Winifrida alichagua ile pana zaidi iwe ubao wa kichwani, akakwangua maandishi kwa ncha ya bikari yake ya shule. "Fundi asije akageuza," alisema, "nikalala miguu ukutani kama popo." Kitanda hakikuwahi kuundwa. Alipofariki, Adrian alimkabidhi Mansuetus mbao zote. Jeneza liwe la mbao zake, alisema, na ule wenye maandishi ukae kichwani. Mansuetus alimshika mikono yote miwili. "Utakuwa kichwani, kaka. Nakuapia." Jeneza lilikuja limeshavikwa kitambaa cheupe, nje na ndani.

Jumapili, walipotoka misani, ubishaji ulianza.

Sauti ilitoka mezani: mara mbili upesi, kisha kusita, kisha ya tatu. Hivyo ndivyo Winifrida alivyobisha milango yote, hata ya chumba chake mwenyewe, kwa adabu ya mwalimu anayeingia ofisini. Adrian alifungua kinywa. Shangazi Luisa alimziba kwa kiganja kilichonuka kitunguu.

"Usiitikie," alinong'ona. "Ni yeye?"

"Ndivyo anavyobisha yeye."

"Basi usimkaribishe. Mzimu ukibisha na ukauambia karibu, umeupa nyumba. Hautoki tena, hata aje padre na maji yake."

"Anataka nini kwangu, Shangazi? Nilimkosea nini?"

"Nitajuaje? Ila mtu aliyelala vizuri habishi hodi."

Neno hilo lilimkaa. Jumatatu jioni, mwanga ukiwa bado dirishani, alikaa mezani bila kugusa ufunguo, na injini ambayo haikutiwa ufunguo tangu juzi ikalia mara moja, tik, ikaanza kwenda, ikayavuta mabehewa polepole mpaka kwenye kona ya dirisha, na hapo yakaachiana yote manne, si la mwisho peke yake, moja baada ya jingine kama watu wanaoachana mikono, yakarudi nyuma yenyewe juu ya meza ambayo bilauri ilisema haikuinama, yakaanguka kutoka kwenye reli na kupinduka matumbo juu, na harufu ya udongo ikajaa chumbani hata mwali wa taa ya chemli ukapungua, na kutoka ndani ya mbao zile, karibu kabisa na mikono yake, pakabishwa, mbili upesi, kisha kusita, kisha moja.

Hakuitikia. Alichukua kisu, kwa kuwa mikono yake ilihitaji kazi, akaanza kukwangua rangi nyeusi chini ya behewa la bluu, apate kuona kama ekseli imekaa sawa.

Chini ya rangi kulikuwa na mninga. Katika mninga kulikuwa na herufi zilizochimbwa kwa ncha nyembamba: WANI.

Alikwangua la kijani: KWA. La jekundu: WINI. La njano alilikwangua mwisho, na wakati huo alikuwa ameshajua: KICH.

Aliyapanga juu ya meza kama yalivyokuwa kabla ya msumeno kupita. KICHWANI KWA WINI. Kulabu zikaingiana zenyewe, na ubishaji ukakoma.

"Nani angenunua ubao wenye jina la marehemu?" alisema taratibu. "Huu hauuziki. Akaukata, akaupaka rangi, akanipa mimi."

Shangazi Luisa alikuwa amekaa sakafuni na rozari yake. "Na mbao nyingine?"

"Sijui. Siku hizi wafanyabiashara wanatoka mpaka Songea kufuata mninga."

"Mansuetus ana kitanda kipya," alisema Shangazi bila kumtazama. "Benadetha mkewe anajisifu kila tukikutana bombani. Mninga mtupu, anasema. Mume wake alimfanyia mwezi wa Mei."

Adrian alifikiria mbao gani ziliwekwa chini ya kitambaa kile cheupe, na kwamba siku ya mazishi alikuwa amemshukuru Mansuetus kwa jina, mbele ya watu wote.

Asubuhi yake alitia mafuta kila ekseli. Alipaka rangi nyeusi upya chini ya mabehewa, akasubiri ikauke. Kisha akabeba treni katika sanduku mpaka nyumbani kwa Mansuetus, akamkuta akinywa uji barazani.

"Kaka! Umeamkaje?"

"Salama. Nimekurudishia. Kwangu inanikumbusha mno."

"Hapana, kaka, hii ni yako..."

"Ipange hivi, usibadilishe. Njano, bluu, kijani, jekundu. Ukiiweka kwenye rafu juu ya kitanda, kichwani, itapendeza."

Mansuetus alimtazama kidogo, kisha akaangalia uji wake. "Ilikuwa na tabu gani?"

"Mabehewa hayakushikana. Sasa yanashikana."

Waliagana kwa mikono. Mansuetus akaingia na sanduku ndani. Adrian hakuwa amefika kwenye ua wa michongoma aliposikia nyuma yake ubao ukibishwa, mbili upesi, kisha kusita, kisha moja, na sauti ya rafiki yake, changamfu, kutoka chumbani:

"Karibu! Pita tu ndani!"

Hakugeuka. Alikwenda nyumbani kugeuza kahawa kabla jua halijawa kali.